Mizimu Mlangoni: Historia Fupi ya Kutishana, Kutoka Newala Hadi Gisozi

Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana jirani yetu mmoja hapa Gisozi alipamba geti lake. Familia hiyo ilikuwa imerejea nchini baada ya kuishi Marekani miaka mingi, na watoto wao walikuwa wamezoea kwamba usiku wa tarehe 31 Oktoba ni usiku wa kuvaa vinyago, kubisha hodi kwa majirani na kudai pipi. Baba yao, mtu mcheshi asiye na makuu, akatandaza pamba juu ya geti mfano wa utando wa buibui. Akachonga boga macho na meno, akaweka mshumaa ndani yake. Kisha akaning'iniza mifupa ya plastiki: kiunzi kizima cha binadamu, na mafuvu mawili juu ya nguzo. Watoto wa mtaa wakakusanyika na kupiga mayowe ya furaha. Sisi pia tulisimama, tukacheka.

Magharibi ilipoingia, bibi mmoja wa mtaa wetu akapita akitoka dukani. Alisimama mbele ya geti lile kwa muda, hakusema neno, akageuka na kuifuata njia ya nyuma, ambayo ni ndefu na siku hizo ilikuwa tope tupu. Baba wa watoto alimwona. Hata saa mbili za usiku hazijafika, mafuvu na kiunzi havikuwapo tena. Boga likabaki peke yake, likiwaka.

Kwa wasomaji wetu walio mbali na Kigali ni lazima tueleze kidogo. Gisozi ni kata ya Wilaya ya Gasabo, kilima chenye nyumba za kupanga, vyuo, na karakana nyingi za maseremala. Lakini mgeni akitaja Gisozi, aghalabu anakusudia Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, kilichofunguliwa Aprili 2004, miaka 10 baada ya mauaji hayo. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na vituo vya Nyamata, Murambi na Bisesero. Ndani yake kuna chumba ambamo mafuvu yamewekwa nyuma ya kioo. Mtu wa Gisozi hahitaji kuelezwa fuvu ni nini.

Tusingeandika juu ya jambo hili kama lisingetufuata hadi darasani. Wiki ileile tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya insha kuhusu sherehe za kigeni. Mmoja wao akaandika: "Usiku ule wazimu walikuja kwenye nyumba ya jirani." Darasa zima likacheka, na mwandishi wake hakujua kosa lake ni lipi. Alikuwa amechukua neno la Kinyarwanda *abazimu*, akaling'oa kiambishi na kuweka cha Kiswahili, kwa mantiki isiyo na dosari: *abantu* ni watu, *abana* ni wana, basi *abazimu* ni wazimu. Kumbe kwa Kiswahili wazimu ni ugonjwa wa akili, na wale aliowataka yeye ni mizimu. Kosa hili limetufunza mengi kuliko insha nyingi zisizo na kosa, na ndilo lililotupa njia ya makala haya.

Tuanze na neno lenyewe. Shina *-zimu* ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wataalamu huliandika *-dímu* kwa umbo lake la asili na kulipa maana ya roho ya mfu, hasa mhenga. Limesafiri hadi ncha ya kusini ya bara, na kila lilipofika limevaa nguo nyingine. Waganda wana *omuzimu*. Washona wana *mudzimu*, roho ya babu inayolinda ukoo. Kwa Wasotho na Watswana *Modimo* ndiye Mwenyezi Mungu. Kwa Wazulu *izimu* ni jitu linalokula watu, na mwalimu wa Kiswahili atalitambua mara moja, maana ndilo *zimwi* wetu wa hadithi, yule ambaye methali inasema likujualo halikuli likakwisha. Mungu, babu na mla watu, wote shina moja! Hatujui kama kuna shina jingine la Kibantu lililobeba mzigo wa namna hii.

Ngeli nayo ina lake la kusema. Kwa Kinyarwanda *umuzimu* yumo katika ngeli ya watu: *umuzimu, abazimu*. Ni mtu aliyekufa, bado ni mtu, ana jina na ana ukoo. Kiswahili sanifu kimemhamishia katika ngeli ya miti na mito: mzimu, mizimu; na mara nyingi mzimu kwa watu wa pwani ni mahali zaidi kuliko mtu: pango, mbuyu, magofu, panapofukizwa ubani na kufungwa vitambaa. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna kata inayoitwa Mzimuni. Umbo la ngeli ya watu halikutoweka, bali limebaki katika *wazimu*, yaani hali ya mtu aliyepandwa na hao wahusika. Mwanafunzi wetu, kwa hiyo, alikosea Kiswahili cha leo na kupatia historia yake. Tulimpa alama zake.

Sasa tugeukie kutishana. Wapo wenzetu waliosema kwamba mchezo wa kuvaa sura za wafu na kuwatisha watoto wa jirani ni jambo la Wazungu na halina mizizi kwetu. Hapo hatukubaliani nao. Mfano mzuri kuliko yote uko kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kwa Wamakonde. Baada ya vijana kumaliza mafunzo ya jando, wanaume walitoka porini jioni wamevaa vinyago vya mti mwepesi, vinavyofunika kichwa kizima kama kofia, vingine vimebandikwa nywele halisi za binadamu na kuchorwa chale za uso kama za mtu hai. Mwili wote ulifunikwa nguo ili asijulikane ni nani. Mchezaji alichungulia kupitia mdomo wa kinyago, kwa hiyo uso ulitazama juu kidogo, na hilo peke yake linatosha kumtia mtu baridi. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo ni mfu aliyefufuka. Walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, na ngoma ikaendelea. Upande wa Msumbiji ngoma hiyo huitwa mapiko. Upande wa Tanzania, Newala na kandokando yake, vinyago hivyo huitwa *midimu*. Msomaji atazame neno hilo mara ya pili: ni shina lilelile la *-dímu*. Wengi huhusisha pia neno *kinyago* na *unyago*, mafunzo ya wari, kwa hiyo hata neno tunalolitumia kwa sura ya plastiki ya dukani linatoka katika ua ambamo watoto walifanywa watu wazima kwa kutishwa.

Tuseme wazi kwamba wanawake wa Kimakonde hawakuwa wajinga. Wengi walijua ni mume au kaka wa nani aliyemo ndani ya kinyago. Kujifanya hawajui kulikuwa sehemu ya ngoma, kama vile mama wa Gisozi anavyojifanya kuogopa mtoto wa jirani aliyejifunika shuka.

Na hapa Rwanda je? Wazee wetu hawakuwa na vinyago vya mti, lakini walikuwa na *kubandwa*, ibada ya Ryangombe. Masimulizi yanasema Ryangombe alikuwa mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati, akafa chini ya mti ambao Wanyarwanda huuita *umuko* au *umurinzi*, ule wenye maua mekundu. (Umurinzi ni mlinzi, mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ataona.) Roho yake ilikwenda kukaa juu ya mlima Karisimbi pamoja na waliowekwa wakfu kwake, na wasio wake walitupwa katika moto wa volkano ya Nyiragongo. Katika ibada hiyo watu walijipaka chokaa nyeupe, wakajivika ngozi, wakabadili sauti, wakawa Ryangombe, au Binego mwanawe aliyejulikana kwa ukali, au Kagoro, au Mugasa. Mgeni anayeingizwa alitishwa kwelikweli, akajaribiwa, na akaapishwa asitoe siri. Jambo moja ambalo hatuchoki kulikumbusha: Mhutu, Mtutsi na Mtwa walibandwa pamoja, mbele ya moto mmoja.

Nyumbani, katika boma lenyewe, kulikuwa na *indaro*: kibanda kidogo cha nyasi cha kulaza mizimu ya ukoo. Jina linatokana na *kurara*, yaani kulala. Huko mwenye nyumba alipeleka pombe kidogo na chakula kidogo, akasema na baba yake aliyefariki, akamwomba asiudhike. Kitendo hicho huitwa *guterekera*. Kumbe basi nyumba ya Mnyarwanda ilikuwa na pambo kwa ajili ya mizimu miaka mingi kabla ya boga la jirani yetu, ila lengo lilikuwa kinyume. Kibanda kilijengwa ili mzimu apate pa kulala, atulie, asiwatishe watoto. Hata rangi za ukutani hazikuwa za kutisha: *imigongo*, michoro ya samadi ya ng'ombe yenye weusi, weupe na wekundu, ambayo masimulizi humpa sifa Kakira mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, ilipambwa ndani ya nyumba ili mtu anayeketi humo afurahi.

Halloween nayo, ukiichunguza, haikuanza na plastiki. Wakelti wa Ayalandi walikuwa na Samhain, sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, usiku ambao waliamini wafu hupita karibu. Kanisa lilipoiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, katika karne ya 8 na ya 9, mkesha wake ukaangukia usiku huohuo. Jina la Halloween ni ufupisho tu wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa watakatifu. Tarehe 2 Novemba ikawa ya marehemu wote. Katika Uingereza ya zama za kati maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vijimkate, nao wakaahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile. Huo ulikuwa mkataba wa haki kabisa: wewe unanilisha, mimi nakuombea mama yako. Mtu wa indaro angeuelewa bila mkalimani.

Njaa kuu ya viazi, iliyoanza mwaka 1845, iliwasukuma Waayalandi wengi kuvuka bahari. Kwao walikuwa wakichonga turnipu na kuweka mwanga ndani; Marekani walikuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Kitisho cha watoto cha "nipe au nikufanyie vituko" kilianza kuonekana katika magazeti ya Kanada kabla ya miaka ya 1930, kikapungua wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu sukari iligawiwa kwa kipimo, kisha kikaenea kwa nguvu baada ya 1945. Ahadi ya kuwaombea wafu ilikuwa imekwisha kudondoka njiani. Wafu wenyewe walibaki, lakini sasa hawakuwa wafu wa mtu yeyote.

Rwanda nayo ilipata Watakatifu Wote kutoka kwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe waliojenga misheni ya kwanza Save mwaka 1900. Waliipiga marufuku kubandwa na indaro zikabomolewa, au zikajificha. Mwami Musinga alikataa ubatizo. Wabelgiji wakamwondoa mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Tangu hapo tarehe 1 Novemba ikawa siku ya misa na ya kukumbuka makaburi, na watu wengi wameipenda kwa moyo kabisa.

Lakini tarehe hiyo ina habari nyingine, na hatuwezi kuiruka. Jumapili ya tarehe 1 Novemba 1959, chifu mdogo aliyeitwa Dominique Mbonyumutwa alishambuliwa na vijana alipokuwa akirudi kutoka misa huko Byimana. Uvumi ukaenea kwamba ameuawa. Hakuuawa, aliishi, na mwaka 1961 akawa rais wa muda. Uvumi, hata hivyo, haukumngoja athibitishe uhai wake. Katika siku zilizofuata makundi ya watu yalizunguka kilima kwa kilima, na nyumba za Watutsi zikachomwa moto. Maelfu walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na wengi wao hawakurudi kwa zaidi ya miaka 30. Wazee huita kipindi kile *muyaga*, yaani upepo. Vitabu vya Kifaransa hukiita kwa jina la sikukuu yenyewe. Kwa hiyo mtu mzima wa Rwanda anayesikia usiku wa kuamkia Novemba watu wakipita nyumba kwa nyumba, wameficha nyuso, mwanga mkononi, anaweza kusikia kitu ambacho mtoto aliyezaliwa Marekani hakisikii.

Hatusemi kwamba kila moto unaochezewa ni dhambi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa. Hujenga kibanda cha makuti makusudi, mtu huingia, kibanda huwashwa, naye hutoka mbio huku watu wakishangilia. Kabla yake wanaume wamekwisha kuchapana kwa magogo ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Nyumba ya mchezo huteketea ili nyumba za kweli zisalimike. Lakini kisiwa hichohicho kinajua pia hofu isiyo ya mchezo. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, na mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Pale neno wazimu na neno mzimu yalikutana tena, vibaya.

Tofauti, kwa maoni yetu, iko katika makubaliano. Mwanamke wa Newala alijua lini midimu itatoka, nani yumo ndani, na itarudi lini porini. Mtu wa Makunduchi anajua kibanda kipi ni cha kuchomwa. Bibi yetu wa Gisozi hakuambiwa na mtu. Alikuwa anatoka kununua chumvi.

Tulipofikisha hoja hii darasani mjadala ulikuwa mkali. Mwanafunzi mmoja alisema kizazi chao kimechoka kubeba hofu ya watu wazima, na kwamba mtoto anayecheka fuvu la plastiki huenda amepona. Hatukuwa na jibu la haraka, na bado hatuna lililotutosha. Mwingine akamjibu kwamba kupona kwa mtoto hakuhitaji geti la barabarani, sebule inatosha. Tukawaacha wabishane, maana walibishana kwa Kiswahili kizuri.

Kisha tukawapa kazi nyepesi zaidi: watafsiri kile kitisho cha watoto wa Marekani. Zilikuja "Pipi au vituko," "Nipe nikuache," na "Hodi ya mzimu." Ushindi tulimpa mwanafunzi wa Rusizi, aliyekulia akisikia Kiswahili cha Bukavu ng'ambo ya mto, aliyeandika kwa ufupi: "Toa ao uone!" Tulijadili lile *ao* kwa dakika 20. Wakali wa usanifu walitaka *au*. Sisi tukasema mzimu wa Rusizi aachwe aseme Kikongo chake.

Jirani yetu, kwa upande wake, alikwenda sokoni kesho yake akanunua boga jingine. Ukipenda boga upende na ua lake, wanasema wahenga, ingawa hapa Rwanda boga hupendwa zaidi likipikwa na maharage. Mke wake akalipika, na watoto wakatumwa kupeleka bakuli kwa bibi. Mdogo wao wa kike alikataa kuvua vazi lake la jana, shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, akaenda nalo hivyohivyo. Baba yao alifuata nyuma, na ndiye aliyetusimulia.

Bibi alipokea bakuli kwa mikono miwili, akawakaribisha ndani, akamtazama yule mdogo.

"Na wewe mwanangu, u nani leo?"

"Mimi ni mzimu, nyogokuru."

"Mzimu wa nani?"

Mtoto akafikiri. Akajibu kwamba hajui, ila vazi lilinunuliwa Ohio. Bibi akacheka mpaka akaketi chini.